Wageni Katika Pua ya Bi Wembe

Bi Wembe alikuwa akikata nyama nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na aliikata huku anaimba. Haikuwa nyama ya buchani, msije mkamdhania vibaya mama wa watu. Vilikuwa vipande vidogo vya wagonjwa, vinavyotolewa na madaktari wa upasuaji na kuletwa ndani ya vikopo hadi chumba cha mwisho kwenye korido ya chini ya hospitali. Huko vililowekwa dawa, vikagandishwa ndani ya nta, vikapita kwenye mashine yenye wembe, vikalazwa juu ya vioo na kutiwa rangi. Kisha Daktari akaviinamia kwa hadubini, akasema mtu anaumwa nini. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina la Bi Wembe, na lile alilopewa na wazazi wake likabaki limelala kwenye kitambulisho.

Mtu mwenye mikono ya namna hiyo husamehewa mengi. Alisamehewa kuimba kazini, akasamehewa kumtania Daktari mbele ya wageni, akasamehewa hata sauti yake, ambayo siku hizi ilitoka kama ya mtu anayezungumzia ndani ya mtungi. Lakini lilikuwapo jambo moja aliloamini halisameheki, na alilificha kama soksi iliyotoboka: pua yake haikusikia harufu yoyote. Ungemfumba macho ukamwekea waridi na kiatu cha mlinzi wa geti, asingekwambia kipi ni kipi.

Ilianza kwa mafua. Akasema yataisha. Pua ikaziba upande wa kulia, akapumua kwa kushoto. Ikaziba kushoto, akapumua kwa mdomo, akaona maisha yanaendelea. Usiku alikoroma hadi vikombe vikagongana kabatini. Mumewe, fundi viatu, mtu wa maneno machache na subira nyingi, alijifunza kulala na mto juu ya kichwa badala ya chini yake. Wahenga walisema mganga hajigangi, na Bi Wembe, aliyezungukwa na madaktari kutwa nzima, hakumwonyesha pua yake hata mmoja.

Taabu ni kwamba kwenye chumba kile pua ni kifaa cha kazi. Fomalini, ile dawa inayozuia nyama isioze, ukiitazama ni maji matupu. Maji nayo ukiyatazama ni maji matupu. Dumu la fomalini lina karatasi ya jina, ndiyo, lakini karatasi hulowa, hubanduka, huokotwa na kubandikwa pasipo pake. Mwenye pua hafungui mdomo kuuliza. Anafungua kifuniko, harufu inampiga kofi, kazi inaendelea. Bi Wembe angeweza kuchovya uso mzima asijue.

Lakini mwerevu hakosi njia, na njia yake ilikuwa na miguu miwili. Mwenzake wa kazini alikuwa baba mmoja wa kifua kipana, mikono kama ya mbeba mizigo, ambaye macho yake hayakuvumilia fomalini hata tone. Kikifunguliwa kifuniko, macho yanavuja. Wakamwita Machozi.

"Machozi, hebu njoo kidogo."

"Kuna nini tena, mama?"

"Njoo tu, nataka kukuuliza kitu."

Anakuja, dumu liko wazi mezani, na Bi Wembe anamuuliza habari za watoto huku anamkodolea macho. Macho yakilowa: fomalini. Yakibaki makavu: maji. Baba wa watu aligeuzwa kipimo cha maabara, na muda wote alidhani mama yule anampenda sana kwa jinsi anavyomjulia hali ya familia.

Mambo yakaenda hivyo, na yangeendelea, kama binti yake Bi Wembe asingejifungua.

Mtoto alikuwa wa kike, na pua yake ilikuwa ndogo na ya mviringo, basi wakamwita Kifungo. Siku walipotoka hospitali nyumba ilijaa watu, na kila aliyempakata alifanya jambo lilelile: aliinama, akaweka pua utosini, akavuta hewa, akafumba macho. "Loo! Harufu ya kichanga!" Wakapokezana. Hata mkwe, kijana asiyejua kuzungumza bila kukohoa kwanza, alinusa akatokwa na tabasamu la kipumbavu. Kisha mtoto akawekwa mikononi mwa bibi yake, na wote wakamtazama.

Bi Wembe akainama. Akavuta. Hakuna kilichokuja ila mluzi mwembamba wa hewa inayotafuta njia.

"Anasemaje huko utosini, mama?" binti akauliza.

"Ananukia..." Alitazama nyuso zile zinazosubiri. "Ananukia kama wewe ulipokuwa mchanga. Vilevile. Hakuna tofauti!"

Binti alilia kwa furaha. Na Bi Wembe, ambaye hakuwa mtu wa kujionea huruma, aliingia jikoni akafungua bomba la maji bila kuosha kitu. Alikuwa amempakata mjukuu wake na bado hakumfikia. Ilimuuma sana, na hakuwa na wa kumwambia.

Basi, miezi michache baadaye, ikaja Ijumaa ya ini.

Zilikuwa zimeletwa rangi mpya za kutia vioo, na desturi ya maabara ile ni kwamba rangi mpya haiguswi kwenye nyama ya mgonjwa mpaka ijaribiwe kwanza kwenye nyama isiyo na jamaa. Bi Wembe akaenda buchani akanunua ini la ng'ombe, kipande kizuri, akalitia kwenye beseni la kioo. Akanyanyua dumu. Karatasi imebanduka. Akanyanyua la pili. Nalo limebanduka karatasi. Akamimina kutoka la kwanza, akaita.

"Machozi, hebu njoo kidogo."

Machozi akaja, amevaa visikizio vya redio masikioni, akasimama juu ya beseni. Machozi yakamtoka. Si kidogo, yalimiminika mpaka kidevuni, na bega likatikisika.

"Fomalini kali hii," Bi Wembe akajisemea kwa furaha. Akafunika beseni, akaliweka karibu na dirisha, akavua koti la kazi, akaenda zake nyumbani kwa mapumziko ya mwisho wa wiki.

Jumatatu alikuwa wa kwanza kufika. Alifungua mlango, akachemsha maji, akatengeneza chai, akakaa mezani karibu na dirisha akimenya yai. Akashangaa mbona wenzake wamechelewa. Mlango ukafunguka, Machozi akaingia hatua moja, akatoka hatua tatu. Baadaye kidogo akasikia kelele kwenye korido, watu wanakimbia, mtu anauliza kama kuna panya amefia kwenye dari, mwingine anasema panya gani, huyu ni nyati. Alipogeuka, Daktari alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa puani, na nyuma yake mlinzi, mfagizi, na wauguzi wa ghorofa ya juu waliofuata harufu wakidhani kuna msiba.

"Bi Wembe!" Daktari akapiga kelele. "Uko hai?"

"Niko hai, Daktari. Mbona mmejaa mlangoni kama mnagawiwa chakula cha bure? Ingieni, chai ipo."

Hakuna aliyeingia. Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye kicheko kinachosikika hadi maegesho ya magari, lakini kwa wakati ule hakucheka. Alimtazama mwanamke yule akiuma yai kando ya beseni ambalo ndani yake ini lilikuwa limegeuka kijani na kutoa mapovu, na macho yake yakaanza kuelewa taratibu.

"Mama," akasema. "Husikii harufu?"

Bi Wembe akatazama beseni. Akatazama yai. Akatazama umati. Siri aliyoificha kwa miaka ikasimama katikati ya chumba, uchi wa mnyama.

"Lakini Machozi alilia!" akasema. "Nilimwona kwa macho yangu, alilia mpaka kidevuni!"

"Nililia kwa sababu ya penalti!" Machozi akajibu kutoka nyuma ya mlinzi. "Walikosa penalti dakika ya mwisho! Tumetolewa kwenye kombe!"

Hapo kicheko cha Daktari kikakatika kamba. Alicheka akaegemea ukuta, akateleza, akakaa chini kwenye korido na koti lake jeupe, kitambaa bado puani. Wauguzi wakacheka, mlinzi akacheka, na Bi Wembe mwenyewe, akiwa bado ameshika yai, akajikuta anacheka hadi machozi, na haikuwa kwa sababu ya fomalini. Machozi peke yake ndiye aliyebaki anahesabu mambo kichwani.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Kwa hiyo zile habari za watoto wangu..."

"Nawapenda watoto wako, baba. Kweli nawapenda."

"Mimi ni kipimo?"

"Kipimo bora kuliko vyote tulivyonacho," Daktari akasema kutoka sakafuni.

Madirisha yalipofunguliwa na ini likazikwa nyuma ya jengo, Daktari alimkalisha Bi Wembe kwenye kiti, akamwinua kidevu, akamulika puani kwa tochi. Akapiga mluzi.

"Una zabibu humu, mama. Vishada na vishada."

Zilikuwa nyama za puani: vinyama laini, vya kijivu, vinavyoning'inia kama zabibu zilizomenywa, vimejaa kuanzia juu hadi karibu na tundu. Bi Wembe alikwisha kukata vinyama vya aina hiyo vya watu wengi, akaviita "majimaji" kwa sababu havishiki vizuri kwenye wembe. Hakuwahi kufikiri kwamba amebeba shamba lake mwenyewe.

Jioni ile aliwaambia wa nyumbani. Mumewe alikuwa anagonga soli, hakuinua kichwa.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba husikii harufu. Unadhani ni nani anayezima jiko vyungu vikianza kuungua? Unadhani napenda sana maji ya kunywa, ninavyoingia jikoni kila mara?"

Bi Wembe akakaa chini. Miaka yote ile mume amekuwa pua ya nyumba, akipita jikoni na kikombe mkononi, na hakumwaibisha kwa neno hata moja. Aliona haya, akaona pendo, vikaja pamoja asijue aanze na kipi. Akaishia kumnyang'anya nyundo na kumbusu kwenye upara.

Kumwambia binti kulikuwa kugumu zaidi. Binti alimsikiliza, Kifungo amelala begani mwake.

"Kwa hiyo siku ile hukumsikia."

"Sikumsikia, mwanangu. Nilidanganya. Kila mtu alikuwa ananitazama."

"Ulisema ananukia kama mimi."

"Nilisema lililonijia."

Binti hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alisema tu kwamba mkwe amehamishwa kikazi, mbali, na kwamba wataondoka mwezi ukiisha. "Na watoto hawanukii hivi siku zote, mama. Wakishaanza kula uji harufu inakwisha." Alisema hivyo kwa upole, akimpapasa mtoto mgongoni, na Bi Wembe akajua kuanzia saa ile kwamba anakimbizana na uji.

Daktari wa pua, kijana mwenye vidole virefu, alimpasua juma lile lile. Alimlaza usingizi, akaingia na kamera nyembamba, akavuna. Bi Wembe alikuwa na ombi moja tu: vinyama vyake viende kwenye maabara yake. "Nisikatwe na mgeni," alisema.

Basi akakatwa na Machozi, kwa maana mtu haruhusiwi kukata chake mwenyewe. Machozi alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu Jumatatu ya ini. Alivaa glavu polepole kama bwana harusi. Bi Wembe, pamba bado puani, alisimama nyuma ya bega lake.

"Unanikata vibaya. Laza mkono."

"Tulia, mama. Leo wewe ni mgonjwa."

"Unanikunja! Ona, unanikunja pembeni!"

"Habari za watoto wako?" Machozi akamuuliza kwa sauti tamu, na hapo Bi Wembe akajua kwamba amesamehewa.

Rangi ziliingia vizuri, ya samawati kwa viini vya seli na ile ya waridi iitwayo eosini kwa vyote vilivyobaki. Daktari akaweka kioo kwenye hadubini yenye vichwa viwili, ile ya watu wawili kutazama kitu kimoja, na wakainama pamoja, mwalimu upande huu na mwenye pua upande ule.

"Anza juu," Daktari akasema. "Hiyo ndiyo ngozi ya ndani ya pua yako. Waona seli zilizosimama kwenye mstari, zenye nywele kichwani?"

"Naziona. Brashi."

"Ni wafagiaji. Kazi yao kusukuma kamasi kwenda kooni, mchana na usiku. Sasa sogea hapa."

"Wamenyonyoka!"

"Wamenyonyoka. Na hawa wenye matumbo?"

"Watengeneza kamasi."

"Kwenye pua yenye afya wangekuwa mmoja hapa, mmoja pale. Kwako wamezaliana mpaka wamewasukuma wafagiaji nje."

"Wachafuzi wengi, wafagiaji wachache," Bi Wembe akasema. "Nimefanya kazi kwenye ofisi za namna hiyo."

Wakashuka. Chini ya seli palikuwa na utando wa waridi ambao kwa kawaida ni mwembamba kama mkeka. Wa kwake ulikuwa umenenepa ukawa godoro. Chini zaidi palikuwa peupe, nyuzi chache zimetawanyika. Daktari akaeleza kwamba hayo ni maji. Mishipa midogo ya damu ilivuja, maji yakajaa, yasipate pa kutokea, na nyama ikavutwa chini kwa uzito wake mpaka ikaning'inia. Na ndani ya maji hayo, wamesambaa kila mahali, walikuwapo wale wekundu.

Bi Wembe aliwafahamu. Kila anayetia eosini anawafahamu: seli nene, kiini kimegawanyika mapande mawili kama miwani, na tumbo limejaa chembechembe zinazoinywa ile rangi mpaka zinawaka. Huitwa eosinofili, wapenda eosini. Alikuwa amewatia rangi maisha yake yote, wa watu wengine.

"Wengi hivi?" akanong'ona.

"Wengi hivyo."

"Wanatafuta nini kwangu?"

"Minyoo. Hivyo ndivyo vita walivyozaliwa kupigana."

Bi Wembe akainua kichwa haraka. "Nina minyoo puani?"

"Huna! Ndiyo kichekesho chenyewe. Siku moja hizi seli za juu zilikerwa na kitu. Vumbi, ukungu, kijidudu, hakuna atakayejua. Zikapiga yowe. Si yowe la sauti, ni la kemikali, lakini majirani walilisikia, nao wakapiga la kwao, likafika mpaka kwenye damu. Hawa wakaja mbio na silaha zao. Wakakuta hakuna mnyoo."

"Mtu mwenye akili angerudi kwao."

"Wao wakakaa. Wakamwaga sumu zao kwenye ngozi yako wewe. Ngozi ikaumia, ikapiga yowe tena. Wakaja wengine. Na wakifa, tazama hapa kwenye kamasi, wanaacha vifuwele vyenye ncha mbili, kama sindano."

"Hata wakifa wanaacha uchafu! Nani aliwaalika watu hawa?"

"Ngozi yako mwenyewe, mama."

Bi Wembe aliwatazama tena wale wekundu, jicho bado kwenye kioo. Kisha akaanza kucheka, kwanza chini chini, halafu kwa nguvu mpaka meza ikatikisika na wale wekundu wakacheza ngoma mbele ya macho yao. "Mgeni siku mbili," akasema, "siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimewalisha miaka!"

"Jembe ni hili," Daktari akasema, akamkabidhi chupa ya dawa ya kupuliza. "Kila asubuhi na jioni. Wengi watakufa kimya kimya, hawatamwaga kitu. Ukiacha, wanarudi."

"Na harufu?"

Hapo Daktari akaacha utani. Alisema wapokeaji wa harufu wapo juu kabisa, kwenye dari ya pua, nao ni seli za neva, lakini neva zenye bahati, kwa kuwa zikifa huzaliwa nyingine mahali pake. Zimekaa muda mrefu chini ya uvimbe, bila hewa. Sasa njia imefunguliwa. Huenda zikaamka.

"Huenda," Bi Wembe akarudia.

"Huenda, mama. Sitakudanganya."

Akapuliza. Mtu hajawahi kupuliza kama alivyopuliza yule mama. Alipuliza kama anafukuza nyuki. Na katikati ya kupuliza akanusa. Alinusa sabuni, akanusa kahawa, akanusa kwapa la mumewe kwa idhini na bila idhini. Mumewe akamfumba macho kwa kitambaa akampitishia gundi ya viatu, ngozi, ndimu, kitunguu, soksi.

"Hii nini?"

"Ndimu?"

"Soksi."

Wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini mume alipolala, na alilala vizuri sasa kwa kuwa hakuna tena mkoromo, Bi Wembe alibaki anatazama dari na kuwaza dari ile nyingine, ya puani, na viumbe vidogo vinavyojaribu kuzaliwa huko. "Jikazeni, wanangu," aliwaambia. "Mwezi unakwisha."

Mwezi ukaisha. Binti na mkwe walikuja kuaga asubuhi, gari la mizigo limesimama nje, dereva ana haraka kama madereva wote. Mkwe na baba mkwe wakawa wanafunga sanduku la mwisho kwa kamba. Binti alikuwa ameanza kumpa mtoto uji, kijiko kimoja kimoja. Alilisema hilo bila kumtazama mama yake machoni. Bi Wembe akampokea Kifungo, akamweka begani, akatembea naye chumbani, kutoka kabatini hadi dirishani, kutoka dirishani hadi kabatini. Hakunusa. Aliogopa. Akiwa hajanusa bado ana matumaini, na akinusa akakosa, basi itakuwa ameagana na mtoto ambaye hakuwahi kumpokea.

Alipofika dirishani mara nyingine, akasimama.

Kitu kilikuwa kimeingia puani mwake. Kilikuwa kibaya. Kilipanda polepole, kizito, kichachu, cha joto, kikagonga dari, na huko juu mlango ukafunguka.

"Amekunya," Bi Wembe akasema.

"Mama?"

"Amekunya!" Sasa ilikuwa kelele. "Mtoto amekunya! Na ni vibaya! Ni vibaya kweli kweli, jamani, njooni, kunanuka!"

Binti akaja mbio, mkwe akaja na kamba mkononi, akakohoa. Bi Wembe alikuwa anacheza katikati ya chumba, mtoto juu kama kombe, na Kifungo akichekea hewani bila kujua sifa zote zile amezipata kwa kazi gani. Mumewe akaingia, akanusa kushoto, akanusa kulia.

"Mimi sijasikia kitu bado," akasema.

"Wewe umestaafu!" Bi Wembe akamwambia. "Kuanzia leo umestaafu, baba. Kunywa maji yako ukiwa na kiu!" Na yule mtu wa maneno machache akageuka ukutani kwa muda, akajifanya anatazama kalenda.

Wakambadilisha mtoto nepi kwa mikono minane. Sabuni ikanukia, hafifu, kama inaongea kutoka chumba cha pili. Mafuta yakanukia. Gundi ya mumewe ikanukia, na Bi Wembe akaapa hataisema vibaya tena. Kisha mtoto akawa safi, amefungwa vizuri, na chumba kikatulia, kwa kuwa kila mtu alijua ni nini kimebaki.

Bi Wembe akakaa kitandani. Akamweka Kifungo mapajani. Akainama, akaweka pua utosini, akavuta hewa taratibu, na hewa ikapita bila mluzi.

Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Binti akashindwa kuvumilia.

"Mama? Vipi?"

Bi Wembe akainua uso, umelowa wote.

"Hanukii kama wewe," akasema. "Hata kidogo. Wewe ulinukia mkate wa moto, nakumbuka. Huyu... huyu ni mwingine kabisa. Ananukia yeye."

Binti akaweka mkono mdomoni. Bi Wembe akainama tena mpaka pua yake pana ikagusana na kile kifungo kidogo.

"Hujambo, mama," akamwambia. "Mimi ndiye bibi yako. Samahani nimechelewa."

Nje dereva akapiga honi. Akapiga tena. Hakuna aliyeinuka kwenda kumjibu.